Oili ya Difu ya Nyuma

Kwa miaka yote niliyouza chakula Hai Jalaba, mtaa wa Juba, sikuwahi kumwona Fundi akimaliza sahani akiwa amekaa. Alikuja na njaa ya kweli, akavuta kiti, akamega ugali mara mbili tatu, kisha akasimama kama mtu aliyeitwa. Kilichobaki alikila akitembea, sahani mkono wa kushoto, kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye ua wa mabati uliotenganisha hoteli yangu na gereji yake, kisha anarudi. Siku moja nilimwambia chakula kitamshukia miguuni. Akanijibu kwamba huko ndiko kwenye kazi, acha kishuke.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Waganda, Wakenya, wenyeji wa Juba, madereva wa mashirika, wote walimwita Fundi, ingawa mtaa mzima ulijaa mafundi. Ukitaka mwingine ilibidi ueleze ni yupi. Yeye aliniita Mama Pilau kwa kunichokoza, kwa sababu pilau nilipika Jumapili tu na kila siku nyingine alikuja kuiulizia.

Ilikuwa ile miaka baada ya amani kutiwa saini, mji umejaa wageni kama sisi, na kila mgeni alikuwa amekuja kwa muda mfupi. Hakuna aliyenunua kitanda kizuri. Tulilala kwenye magodoro chini, masanduku yamefungwa nusu, na ukimwuliza mtu atarudi lini kwao alikwambia baada ya mvua. Mvua zilikuja zikaenda. Fundi alikuwa mbaya kuliko sote: begi lake lilikaa tayari kando ya mlango wa gereji, na hati yake ya kusafiria aliiweka kwenye kisanduku cha dashibodi ya gari ambalo halikuwa likienda popote. Hati ikikaribia kuisha muda aliishughulikia mapema, akairudisha palepale.

Kuhusu oili alikuwa na dini yake. Aliamini kwamba gari haliuawi na barabara, hata barabara za Juba zenye mashimo ya kufugia samaki. Linauawa na kilichomiminwa ndani yake. "Chuma hakina ulimi," alikuwa akisema, "kwa hiyo usikidanganye, hakitakwambia kimekasirika." Na mtu akijaribu kumshawishi atie oili hii mahali pa ile: "Oili si uji, kwamba ukikosa wa mtama unakunywa wa mahindi."

Watu wa mji ule walinunua oili kwa rangi. Nadhani ilitokana na kwamba oili nyekundu iliingia kwenye sukani, ikaingia kwenye giaboksi za otomatiki, ikaingia hata kwenye jeki kubwa za malori, basi watu wakaamua nyekundu ndiyo dawa ya kila kitu. Dereva alifika asubuhi, hajasalimia, anauliza kwa Kiarabu cha Juba:

"Ya Fundi, zet ahmer fi?" Yaani, ee Fundi, oili nyekundu ipo?

"Nyekundu hata soda iko," Fundi anajibu. "Unataka kuitia wapi?"

"Giaboksi."

"Giaboksi ya mkono ama otomatiki?"

"Giaboksi ya gari, ya Fundi! Kwani nimekuja na punda?"

Hapo Fundi alianza kuzunguka. Alilizunguka gari la yule mtu, akiongea, akipangusa mikono kwenye kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Ndani ya giaboksi ya mkono, alisema, mna pete za shaba ya manjano zinazosaidia gia kuingia bila kugongana. Oili kali ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli, huzitafuna pete hizo polepole, nawe hujui mpaka siku gia ya pili inapokataa. Ukichukua ile laini ya giaboksi ukaitia kwenye difu, meno ya difu yanasagana kwa sababu haiwezi kubeba ule uzito. Kwa hiyo mikebe ni miwili, hata ukiwa na haraka. Na kama gari ni la mbio, lenye turbo, linalovuta kwa magurudumu yote manne, usiguse chochote kabla hujajua ndani mna nini. Gari la kawaida husamehe, la mbio lina kisirani.

Mimi nisiye na hata baiskeli niliyajua hayo yote kwa kusikia, kama mtu anayekaa jirani na msikiti anavyoijua adhana. Pua yangu ilijifunza pia. Oili ya difu hunuka yai viza. Fundi alipofungua nati ya kumwagia, harufu ilivuka mabati ikaingia kwangu saa ya chakula cha mchana, na wateja wakamtazama kuku wangu kwa macho ya shaka. Tuligombana kwa jambo hilo mara nyingi. Alisema nihamishe jiko. Nilisema ahamishe difu.

Ugomvi mkubwa ulihusu mikebe. Mkebe mtupu wa oili nzuri ulikuwa na soko Juba, kwa sababu kuna watu waliochukua oili iliyokwisha kazi, wakaichuja kwa kitambaa, wakaijaza kwenye mkebe wa jina, wakauza kama mpya. Ndiyo maana Fundi hakuacha mkebe mzima utoke kwake. Akimaliza kumimina, alichukua msumari mrefu na nyundo, akautoboa mkebe kitako kabla hata hajafunga boneti. Ilikuwa desturi yake kama mwingine anavyofanya ishara ya msalaba akimaliza kula. Mkebe uliotobolewa ulikuwa kazi iliyokwisha.

Mimi niliitaka ile mikebe. Ilikuwa na mifuniko inayokaza vizuri, ingenifaa kwa mafuta ya taa. Alikataa katakata. Basi siku moja niliuiba mmoja kabla ya nyundo, nikauosha, nikajaza mafuta ya taa, nikauficha nyuma ya gunia la makaa. Fundi akaja kuomba maji ya kunywa. Jicho lake likauona ule mkebe kama paka anavyouona mkia wa panya. Aliuvuta, akaugeuza, na kwa kuwa msumari na nyundo vilikuwa mfukoni mwa ovaroli, akautoboa papo hapo jikoni kwangu, mafuta yakamwagika sakafuni hatua chache kutoka kwenye moto. Nilimkimbiza kwa mwiko hadi barabarani, watu wakashangilia. Jioni alirudi na mtungi mpya kutoka soko la Konyo Konyo, ameupakata juu ya boda boda. Akauliza kama nautaka na tundu au bila tundu.

Msidhani alikuwa hakosei. Alikosea, tena kwa kelele. Kulikuwa na Mganda mmoja, mhasibu wa hoteli fulani kubwa kando ya mto, aliyekuwa na gari la mbio analolipenda kuliko ndugu zake. Alikuja na mkebe wake mwenyewe wa oili ya difu. Fundi akaufungua, akanusa, akasugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema, "Feki."

"Fundi, mimi iko na risiti," yule mhasibu akasema. "Hii mimi ilinunua Kampala kwa duka kubwa, si kwa barabara."

"Risiti nayo hupigwa chapa."

Na kabla mwenyewe hajauchukua, Fundi akaumimina mkebe mzima mchangani. Mhasibu alisimama akiitazama oili ikinywewa na vumbi, machozi yakimlenga. Baadaye, kwa gari jingine, ikaja oili ya aina ileile ikiwa imefungwa barabara, ikiwa na harufu ileile, na ikafanya kazi bila kasoro. Wenye kuitengeneza walikuwa wamebadilisha dawa, harufu ikabadilika. Siku hiyo Fundi hakuja kula kabisa. Halafu akampa dereva wa basi la Kampala ujumbe na pesa, na basi lililofuata lilileta mkebe mpya, umefungwa ndani ya gunia la matoke. Akamkabidhi mhasibu hotelini kwangu, mbele ya wateja wote.

"Pua yangu ilinidanganya," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Nilimpenda siku ile, nakiri. Si mapenzi ya kuandikiana. Nilimpenda kama unavyompenda jirani unayemwona akijikunja mahali ulipodhani ni mti mkavu.

Lakini nizungumzie gari lake, maana ndilo lililotukalia kooni sote. Lilikuwa nyuma ya gereji chini ya turubai, la buluu, la mbio hasa. Mfanyabiashara mmoja alilileta kutoka Kampala ili aonekane nalo mjini, na mashimo yakamchosha kabla ya watu kumwona. Fundi akalinunua limekufa. Akalifufua kidogo kidogo: injini, turbo, klachi, breki, oili ya giaboksi ile inayostahili. Magurudumu aliyavua akayaweka ndani, gari akalikalisha juu ya mawe manne. Kila asubuhi aliliwasha. Sufuria zangu zilitetemeka kwenye rafu na mimi nilijua kumekucha.

Kilichobaki ni kitu kimoja tu, difu ya nyuma. Si difu ya kawaida, alinieleza. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazoshikana na kuachiana, ili gurudumu moja likiteleza jingine livute. Hizo sahani zinataka oili yenye dawa yake maalumu. Aliyekuwa nalo kabla yake alitia oili ya difu ya kawaida, na Fundi alipolijaribu kabla ya kulikalisha juu ya mawe, kila lilipokata kona nyuma kuligonga na kulia, gari likatikisika kama limeshikwa na malaria.

"Njia ya Nimule, kule mpakani, ni kona tupu," alisema. "Siwezi kulipeleka nyumbani likilia."

"Si uitafute hiyo oili?"

"Mafi."

Mafi, yaani hakuna. Ni neno la kwanza ambalo kila mgeni hujifunza Juba: maji mafi, umeme mafi, chenji mafi. Nililizoea kiasi kwamba sikulichunguza.

Nyumbani kwenyewe ni Nakuru, na aliyemngoja ni Moraa, binti yake wa pekee. Mama yake Moraa alikuwa marehemu. Fundi alimwacha mtoto kwa dada yake baada ya gereji yake ya kule kumfia mkononi, akaondoka alfajiri kwa basi, kiti cha nyuma, vyombo vya kazi vimefungwa kwenye shuka. Mtoto alilia. Akamwahidi atarudi akiendesha. Ahadi za namna hiyo tunawapa watoto ili waache kulia, kisha wao wanazitunza.

Simu ya Fundi ilikuwa imezima kila siku, imejaa oili, kwa hiyo Moraa alipiga yangu. Aliniita Shangazi wa Juba. Mwanzoni alikuwa na sauti ya kitoto na swali lake lilikuwa moja: "Gari la baba liko wapi?" Nami nilimjibu, "Lipo hapa, mwanangu, juu ya mawe." Tulicheka. Sauti ikakua, akaingia sekondari, akaingia chuo, na swali likabaki lilelile, jibu lilelile, kicheko kikapungua. Mwaka wa mwisho sikucheka kabisa. Niliona haya kujibu, kana kwamba gari ni langu.

Kisha akapiga kusema anaolewa, baada ya Pasaka.

"Shangazi, mwambie sitaki zawadi," alisema. "Kanisani nani atanishika mkono? Nimwambie mjomba, au nimngoje yeye? Nataka kujua tu."

Nilimpelekea Fundi maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa amesimama na sahani. Akasema, "Mwambie aningoje. Nitakuja gari likiwa tayari."

"Litakuwa tayari lini?"

"Oili, Mama Pilau. Oili mafi."

Hapo ndipo jambo lilinijia, na lilinijia kwa hasira. Nikamwuliza: "Ile ya mhasibu si ilifika na basi lililofuata? Yako imeshindwa kupanda basi?"

Aliniangalia. Kisha akaondoka na sahani yangu, akatembea mpaka uani, na mara hii hakurudi. Sahani niliikuta asubuhi juu ya ukuta wa gereji, chakula kimekaliwa na sisimizi.

Sikulala vizuri. Nilimwonea uchungu Moraa, na Fundi nilitamani kumzaba kofi. Mtu anayemkemea dereva kwa kukosea rangi ya oili, na mwenyewe amelisimamisha gari miaka kwa mkebe unaopatikana safari moja ya basi! Nilikuwa na safari ya kwenda kumwona mama yangu Nairobi. Nilipofika huko nilikwenda Barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri, nikamwambia mwenye duka: oili ya difu ya nyuma, ya gari la mbio, difu ya sahani, iliyo na dawa yake ndani. Akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikamwambia mimi ni mpishi. Akanipa mikebe miwili, nikaifungia katikati ya nguo zangu, na nguo zile zilinuka yai viza hata baada ya kufuliwa.

Niliiweka mezani pake kando ya ugali. Fundi aliugeuza mkebe mmoja, akasoma mbele, akasoma nyuma, akakagua mhuri wa kifuniko kwa ukucha, akanusa ukingoni. Nilikuwa nimejiandaa aseme feki. Hakusema. Akavuta kiti akakaa, mikono juu ya magoti, na akaendelea kukaa mpaka chakula kikapoa. Nilimwogopa kuliko siku zote nilizomwona akizunguka.

Siku kadhaa alinikwepa. Nilisikia nyundo, nilisikia jeki, asubuhi sufuria zikatetemeka kama kawaida. Pasaka ikapita na harusi ikabaki wiki moja. Jumamosi, jua likiwa bado kali, aliniita juu ya mabati.

"Mama Pilau, njoo upande."

Gari lilikuwa chini, juu ya magurudumu yake. Sikuwahi kuliona hivyo, lilionekana fupi. Mikebe miwili mitupu ilikuwa kwenye sakafu ya abiria, na nilipoigeuza kwa mguu niliona hakuna aliyeitoboa. Tulipita Konyo Konyo katikati ya boda boda na mikokoteni, watu wakageuka kutazama, tukavuka daraja, tukaingia Gumbo. Penye uwanja mpana kando ya barabara alikata sukani hadi mwisho akazungusha gari, upande wa kulia, kisha wa kushoto, vumbi likapanda. Nilitega sikio nyuma.

"Kimya," nikasema.

"Kimya," akasema. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi.

Alirudi barabarani akasimama pembeni, pua ya gari ikielekea Nimule, injini ikinguruma polepole.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Sasa turudi. Nikaangalie breki."

"Breki nilikusikia ukiziangalia jana."

"Sina suti."

"Nakuru wanauza suti."

"Na gereji?"

"Nitaifunga mimi. Kufuli nalijua. Hati iko hapo kwenye kisanduku, pesa ya kazi ya juzi iko mfukoni, nilikuona ukiitia. Kingine?"

Alishika sukani kwa mikono miwili.

"Nilimwacha hana meno ya mbele," akasema. "Nilidhani nikifika na hili, watu wataliangalia gari. Litaongea kabla yangu. Sasa liko tayari, dada yangu, na mimi bado sina la kumwambia."

Hakuwahi kuniita dada.

"Mwambie umechelewa," nikasema. "Hilo analijua. Anataka mkono tu wa kushika."

Nilimwona akitazama kioo cha nyuma, kule darajani, na nilijua kabisa kitakachofuata: atanirudisha hotelini kwa heshima, ataingiza gari mara moja tu, aangalie kitu kidogo tu. Nikaichukua mikebe yangu, nikafungua mlango, nikashuka.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Panda, nikurudishe."

"Ukigeuza gari hili kwa ajili yangu litarudi juu ya mawe. Boda boda ziko tele."

Akaniita mara mbili, mara ya pili kwa jina langu. Sikugeuka. Nilipanda boda boda, mkebe kila mkono, na darajani nilimwambia kijana aongeze mwendo, kwa kuogopa kuliona lile gari la buluu nyuma yetu.

Gereji niliikuta wazi. Begi halikuwepo kando ya mlango. Alikuwa amelipakia, sijui saa ngapi, na hakuniambia. Msumari na nyundo vilikuwa juu ya meza ya kazi. Niliitazama mikebe yangu. Ilikuwa mizuri, ya bati gumu, mifuniko inakaza, na hakukuwa na mtu wa kunizuia. Niliigeuza kitako, nikaitoboa, mmoja, kisha wa pili. Nilijigonga kidole. Matone yaliyobaki yakaanguka sakafuni na ile harufu yake.

Nilikuwa nawasha jiko la jioni simu ilipolia.

"Shangazi, baba simu yake imezima," Moraa akasema. "Padri anataka jina la atakayenishika mkono, na anasema mwisho ni leo." Kisha akauliza lile swali lake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijua jibu. "Gari la baba liko wapi?"

Nilitoka na simu sikioni mpaka kwenye ua wa mabati, nikachungulia, ingawa nilikuwa nimetoka kule punde. Mawe manne, turubai limekunjwa, na katikati kipande cha ardhi ambacho mvua haikuwa imekigusa kwa miaka.

"Huku halipo, mwanangu," nikamwambia.